Ukihama nyumba, hama na mbwa wako

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Nina neno na wapangaji wenzangu wa hapa Dodoma, maana tangu serikali ihamie huku watu hawatulii, leo yuko Area C, kesho Nzuguni, keshokutwa kahamishwa kikazi mkoa mwingine, na kirikuu ya vyombo ikiondoka imebeba kabati, friji mpaka ndoo zilizopasuka, mbwa anabaki getini.

Mmoja wa hao ndo ninaye sasa hivi. Sikuomba mbwa, mi mtu wa kuku. Jirani alihama, nikajua atarudi kumchukua, siku zinaenda mbwa kalala palepale kwenye vumbi, gari likija anasimama, likipita anakaa, mbavu nje nje, masikio yamejaa kupe, na watoto wa mtaa nao mawe. Nikawa nampelekea ukoko wa ugali usiku kwa kificho maana baba watoto alishasema mapema mbwa hataki (huyohuyo leo ndo anapitia buchani kumnunulia mapupu, ila tuyaache). Basi akanifuata mpaka ndani ya uzio, hakutoka tena.

Nikamwita daktari wa mifugo, akampa dawa ya kupe na ya minyoo, akamchoma chanjo ya kichaa ambayo inatakiwa irudiwe kila mwaka. Hapo ndo akili ikanijia, maana wataalamu wanasema mbwa wa eneo wakichanjwa angalau asilimia 70 kichaa kinakosa pa kupita, sasa huyu wa kuachwa getini nani atampeleka? Akimng'ata mtoto wa mtu, jeraha linatakiwa lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 afu mtoto akimbizwe hospitali hapohapo akaanze sindano, sio kukaa nyumbani kusikilizia, kwa sababu kichaa kikishaonyesha dalili kupona ni kama hakuna. Afu watu walewale waliotelekeza mbwa ndo wa kwanza kulalamika mbwa koko wamezidi mjini, waje wapigwe risasi. Yani wewe ndo umemfanya koko! Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008 ila mtaani kwetu sijaona mtu akaulizwa hata siku moja.

Wapo wasiopenda mbwa na wana sababu zao. Jirani yangu wa ukuta mmoja ni hajati, hataki mate ya mbwa yaguse nguo zake anapoenda kuswali, na hiyo ni haki yake, kwa hiyo tumeziba uzio na mchana mbwa anakaa nyuma kwenye kivuli cha mwarobaini. Tunaishi vizuri tu.

Wenyeviti wa mitaa, kile kipaza sauti kinachotangaza hela ya taka kitutangazie na siku ya chanjo ya mbwa. Na wenye nyumba, mkipokea funguo mnakagua mabomba, vioo na deni la maji, ulizeni basi na mbwa anaenda wapi.

Na yule jirani aliyehama kama anasoma hapa, mbwa haturudishi, ila atuambie alikuwa anamwitaje, maana sisi tumempa jina la Simba na mpaka leo haitikii.

Msomaji wako,
Nkuhungu, Dodoma