Barua kwa Zuhura kuhusu vithiripi wa vitunguu

Mang'ola, Karatu

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi hatujambo, watoto wamerudi shule, na mama anakuulizia kila mara. Tumenyamaziana muda mrefu, lakini Baba Esta alipopita hapa na lori kupakia magunia alinieleza kwamba vitunguu vyako huko Ruaha Mbuyuni vimepauka, kwamba unachanganya sumu mbili katika bomba moja, na kwamba umekusudia kupiga kila baada ya siku nne mpaka vithiripi, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, waishe. Habari hiyo imenikaa moyoni, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kabla hujanunua chupa nyingine, nakuomba ung'oe mche mmoja wa katikati ya jaruba na mwingine wa pembeni, maana mara nyingi wadudu hawa huanzia pembeni. Yatenganishe majani taratibu mpaka ufike shingoni, pale majani machanga yanapobanana. Huko ndiko utakakowakuta vithiripi wachanga, wembamba, wa rangi ya manjano iliyofifia, wasio na mabawa, wakikimbia kutafuta mahali pa kujibana tena. Hata aliyekomaa ana urefu wa milimita moja na kitu tu. Taya lake linalofanya kazi ni moja, la kushoto. Hutoboa jani kwa taya hilo, akafyonza yaliyomo ndani ya seli, na seli iliyobaki tupu hujaa hewa. Ndiyo sababu jani hung'aa kama fedha kabla ya kukauka, na vile vidoa vyeusi juu yake ni kinyesi chao.

Sasa fikiri, Zuhura, dawa yako inamfikia nani. Jike hutumbukiza mayai ndani ya jani lenyewe, ambako dawa nyingi haziyafikii. Watoto wakishakula na kujivua magamba, wengi hushuka udongoni au hujificha shinani, ambako hukaa bila kula chochote mpaka wapate mabawa. Kwa hiyo siku unayopiga unawapata waliopo majanini tu, tena wale waliokaa wazi, kwa kuwa jani la kitunguu lina nta na maji huteleza yakadondoka chini kabla ya kufika shingoni. Katika joto kama la kwetu mzunguko mzima huchukua wiki 2 hadi 3. Walio ndani ya jani wataanguliwa, walio udongoni watapanda, nawe utaambiwa dukani kwamba dawa ilikuwa hafifu na uongeze kipimo.

Najua utanijibu kwamba ndiyo maana unapiga kila baada ya siku nne, ili uwapate wote kwa zamu. Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Kithiripi wa kitunguu jike huzaa bila dume, na shambani karibu wote ni majike. Yule mmoja ambaye sumu haikumuua huzaa mabinti wanaofanana naye, nao sumu ile ile haitawaua. Ukirudia kiambato kimoja, yaani sumu yenyewe iliyomo ndani ya dawa, msimu mzima unawachagua wewe mwenyewe wale sugu, na papo hapo unawaua kunguni wadogo na utitiri wanaowala vithiripi bila kukudai shilingi. Usugu dhidi ya dawa za kundi la pairethroidi umeshathibitishwa katika nchi nyingi. Naomba usome kiambato, usiangalie jina la chupa peke yake, kwa sababu lambdasihalothrini, mojawapo ya dawa za kundi hilo, huuzwa kwa majina mengi sana. Anayechanganya chupa mbili za kiambato hicho ameongeza dozi tu, hajabadilisha dawa. Kagua pia kama ina namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu nchini.

Hesabu kwanza, ndipo upige. Wataalamu wengi hutumia kiwango cha takriban vithiripi 3 kwa kila jani. Ukifikia hapo, piga jioni upepo ukitulia, elekeza mdomo wa bomba shingoni, tumia maji ya kutosha pamoja na gundi ya dawa, na kizazi kinachofuata ukipige kwa kundi jingine kabisa, kwa mfano spinosadi. Mwarobaini unafaa ukianza mapema, watoto wakiwa wachache, kwa sababu unawazuia kujivua na kukua. Wenzetu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, wametoa kuvu liitwalo ICIPE 69 ambalo huwaua vithiripi kwa kuota mwilini mwao. Ukilipata, usilichanganye na dawa za ukungu.

Maji nayo ni tiba, nami nalitilia mkazo hili kuliko watu wengi. Mvua kubwa huwaosha, ndiyo maana kiangazi ndio msimu wao, na kitunguu chenye kiu huumia zaidi kwa idadi ile ile ya wadudu. Usikose zamu yako ya mfereji. Punguza yurea, kwa kuwa majani mororo yaliyolishwa naitrojeni kupita kiasi huwavuta. Matandazo ya nyasi kavu pia yanasaidia.

Tena kuna lile shamba la jirani yako ambalo Baba Esta anasema limevunwa nusu na kuachwa. Hilo linanisumbua kuliko hata bomba lako. Vithiripi wanahama kutoka humo kuja kwako kila upepo unapovuma, na huenda hawaji peke yao. Kuna virusi vya madoa ya manjano, vilivyothibitishwa Kenya na Uganda mwaka 2011, ambavyo kithiripi huvipata akiwa mchanga tu, kisha akikomaa huvisambaza maisha yake yote. Havina dawa. Dalili yake ni madoa marefu ya rangi ya majani makavu, yaliyochongoka pande zote mbili, tofauti na ile rangi ya fedha. Mwombe Mwenyekiti wa skimu ya umwagiliaji azungumze na jirani, masalia yang'olewe na kufukiwa kabla hujaanza kitalu kipya.

Je, umeshayaona madoa ya namna hiyo? Chupa ulizotumia zina kiambato gani, na ulipiga saa ngapi? Vitunguu vimebakiza wiki ngapi kuvunwa, maana vikishaanza kulala shingo sioni faida ya kupiga tena? Kitalu kipya umekipanga upande gani wa upepo? Na afya yako je, unafunika uso unapopiga? Nitumie picha za majani kwa simu ya Esta, za karibu, pamoja na za shingo.

Rafiki yako akupendaye,
Neema