Masomo ya darasani ya urubani yafike Mbeya

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakuu wa usafiri wa anga pamoja na vyuo vya urubani.

Sisi wa Mbeya ukungu tunaujua. Uwanja wa Songwe, uliochukua nafasi ya ule wa mjini mwaka 2012, kuna asubuhi hufunikwa wote, abiria wameshakaguliwa, na ndege wanayoisubiri inazunguka juu kisha inageuza kurudi Dar es Salaam. Ndiyo maana vijana wanaotamani urubani huniuliza, "Mwalimu, rubani asipoiona ardhi anajuaje iko wapi?"

Jibu la swali hilo huanzia darasani. Marekani, anayetaka kibali cha kuruka kwa kutegemea vifaa vya ndani ya ndege hufanya mtihani wa maandishi wa maswali 60, na asipofikisha asilimia 70 haruhusiwi kwenda kwenye mtihani wa kuruka. Tena mkufunzi wa darasani huko halazimiki kuwa rubani! Awe ametimiza miaka 18, afaulu mtihani wa somo lake na ule wa mbinu za kufundisha. Mwalimu wa shule mwenye cheti cha huko, cha kufundisha kuanzia darasa la saba, huo wa mbinu husamehewa.

Chukua altimita, kifaa kinachomwonyesha rubani yuko juu kiasi gani. Kila mama wa hapa anajua maharage yanachelewa kuiva, kwa kuwa huku juu mgandamizo wa hewa ni mdogo na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Altimita hupima mgandamizo huohuo. Rubani akienda penye mgandamizo mdogo zaidi bila kuirekebisha, itamwonyesha yuko juu kuliko alipo. Kosa la hektopaskali 10 (kipimo cha mgandamizo wa hewa) ni karibu futi 300, na ndani ya ukungu, kando ya milima yetu, hizo ni roho za watu. Somo hili nimelifundisha kwa sufuria na kipimajoto.

Binti mmoja niliyemfundisha, mzaliwa wa Tukuyu, ameacha ndoto yake kwa sababu wazazi hawakuweza kumlipia chumba Dar miezi yote ya nadharia, kabla hata hajagusa ndege. Inaniuma sana.

Naomba nadharia ifundishwe hapa jioni, madarasa yanapokuwa matupu, na walimu wetu wa fizikia na jiografia watahiniwe ili wawe wakufunzi. Saa za kuruka vijana watazifuata huko huko Dar. Wakitafutwa walimu wa kuanza nao, mimi niko tayari kukalia mtihani huo mwaka huu.

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Uyole, Mbeya