Kuhusu picha za mandhari mlizotuma

Ndugu wanakikundi,

Nimezipitia kwa makini picha zenu za maporomoko ya Murchison, nchini Uganda, nami ninaomba tuzingatie zaidi suala la ukubwa. Pale Mto Nile hubanwa katika ufa wa mwamba wenye upana wa takribani mita 7, kisha maji huanguka zaidi ya mita 40. Lakini picha isiyo na mtu wala mti wa kulinganishia humfanya mtazamaji adhani ni kijito cha kawaida. Iliyonigusa kuliko zote ni ile ya mgeni aliyesimama ukingoni, mdogo kama punje, kwa sababu jicho huanzia kwake ndipo likapima povu na mwamba.

Upeo wa macho unyooke, tafadhali.

Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua hupanda upesi, na vivuli vinavyochora mikunjo ya vilima vinavyozunguka Ziwa Bunyonyi hufupika mapema. Kwa hiyo, tutakapokwenda kwenye maporomoko ya Sipi, ninawasihi mfike kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na atakayepiga picha za maji katika mwanga hafifu aje na tripodi, yaani stendi ya kamera yenye miguu mitatu.