Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: kambale wa Rufiji wanasubiri masika

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Mbagala Rangi Tatu, ninakouza kambale na perege wakavu wanaoletwa na magari ya Ikwiriri na Utete. Feni inanipepea hapa nikiandika, kwa hiyo sitaisema vibaya megawati 2,115 za Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwenye Mto Rufiji. Langu ni moja tu: maji yanayotoka bwawani, yatoke lini na yakiwa na joto gani.

Nimekulia bonde la Rufiji. Mto ulipopanda, maji yaliingia mashambani usiku, na alfajiri tulikuta kambale wakijiburuta majanini, maji hayazidi kifundo cha mguu, migongo iko nje, wanataga. Babu alitega migono, mitego yetu ya samaki, maji yanaporudi mtoni, kamwe si yanapopanda. "Anayepanda ana mayai," alisema, "mwache apite." Maji hayo hayo yaliunganisha mto na maziwa ya Zumbi na Ruwe, samaki wakaingia humo kukua. Yakishuka, watu walilima mlau, yaani mazao ya kiangazi kwenye unyevu ulioachwa na maji.

Samaki hana kalenda. Anausikiliza mto: umepanda? Umechafuka? Una joto? Mitambo ya umeme hupenda maji ya kiasi kilekile masika na kiangazi, na mto ukitulia hivyo kambale hapati ishara. Joto ndilo watu hulisahau. Bwawa lenye kina kirefu hujigawa: juu maji ya vuguvugu, chini maji baridi yenye hewa haba. Yakifunguliwa ya chini, mayai huchelewa kuanguliwa na vifaranga hudumaa. Marekani, Bwawa la Glen Canyon lilipofungwa mwaka 1963, Mto Colorado ulipoa hata samaki wake wa asili wakashindwa kuzaliana mtoni chini ya ukuta. Waliosalia wakategemea vijito vya pembeni.

Sasa, nikiomba bwawa liachie maji yapande mashambani, sisemi mafuriko kama yale ya Rufiji ya Aprili 2024. Wiki zile ndugu zangu saba walilala sebuleni kwangu, nguo zao zote kwenye mfuko mmoja wa salfeti. Nasema maji ya kupanda taratibu kwa siku kadhaa, wakati wa masika, vijiji vikiwa vimetangaziwa mapema.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua akiba ya maji kwa ajili ya watu na mazingira. Naomba akiba hiyo kwa Rufiji iandikwe kwa miezi, isiwe wastani wa mwaka. Wastani haumpandishi kambale shambani. Tuambiwe pia mitambo inavuta maji ya kina gani. Na joto la mto lipimwe pale Mloka, kijiji kilicho mtoni chini ya bwawa, tarakimu zibandikwe ofisi za vijiji hadi Utete. Kipimajoto mpeni mvuvi yeyote wa pale. Alfajiri yuko mtoni tayari.

Wako,
Muuza samaki, Mbagala