Mwanangu, hiyo kamera mpya tuiongee kwanza

Mwanangu mpenzi, shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Voisi noti nayo nimeisikiliza yote, nikairudia tena jioni wateja wa picha za paspoti walivyopungua pale studio. Nakuandikia maana kwenye simu unanikatiza, nikisema neno moja wewe umeshasema kumi. Kwa hiyo leo soma tu.

Nimekuelewa, Canon wametangaza kamera mpya, R6 Mark III, tarehe 6 Novemba 2025 na tangu siku hiyo kamera yako, 6D Mark II, unaiona kama takataka. Umeniuliza mama ninunue au nisinunue, unataka jibu la neno moja. Neno moja sina.

Tuanze na hela maana hapo ndo ulipopita mbio. Bodi peke yake, yaani kamera bila lensi, wametaja dola 2,799, kwa dola ya sasa inacheza kwenye milioni saba, bado ushuru, bado faida ya mwenye duka Kariakoo, na kama ni mtu wa kukuletea kutoka Dubai bado na chake, halafu ikileta shida waranti ndo utajua iko wapi. Na bodi haifanyi kazi peke yake mama. Hiyo kamera ina sehemu mbili za kadi, moja SD hizi unazozijua, ya pili CFexpress Type B ambayo huna hata moja na rida yake ya kuisomea kwenye laptopu pia huna, na bei yake uliza kabla hujakaa. Betri inataka mpya, LP-E6P, ndo itoe uwezo wake wote. Mafaili nayo yanakuwa mazito zaidi na laptopu yako, kwa maneno yako mwenyewe, inakoroma na hizi za sasa. Kwa hiyo usinitajie milioni saba, nitajie jumla.

Tena umesema hela ya kikoba isipotosha kuna jamaa wanatoa fasta. Hao ni kausha damu na wewe unajua. Hebu fungua kalenda ya mwaka 2026 uone, Kwaresma na Ramadhani zinaanza wiki moja, katikati ya Februari, sijui kama umeliona hilo. Harusi za kanisani hakuna, za msikitini hakuna, sendofu zote zinasogezwa mbele mpaka Idi ipite na Pasaka ipite. Marejesho hayafungi Ramadhani.

Haya, sasa picha zenyewe.

Unasema fulu fremu mpya itakupa picha safi kuliko hii. Sensa ya fulu fremu, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni milimita 36 kwa 24, kipimo kilekile cha filamu ya 35 niliyokuwa naisafisha gizani wewe ukiwa mgongoni, ndo kipimo cha Leica ya Oskar Barnack iliyoingia sokoni 1925. Kamera yako 36 kwa 24, hiyo mpya 36 kwa 24. Mwenzako anayetumia zile Canon za sensa ndogo, kama 22 kwa 15, eneo lake halifiki hata nusu ya hili, yeye akihamia fulu fremu ataruka kwa furaha na ana haki. Wewe ulisharuka siku nyingi, sasa unaruka wapi tena?

Megapikseli pia zinakudanganya. Yako 26 hiyo mpya 32 na nusu, inasikika kubwa, ila piga hesabu ya upana, pikseli 6,240 kwenda 6,960, nyongeza ya asilimia kama 11 hivi. Ile albamu yako ya sentimita 30 kwa 40, ukurasa mzima ukiprintiwa kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa inchi, unataka kama megapikseli 17 tu, hata hazitimii. Hakuna bibi harusi atakayehesabu hizo zilizobaki, yeye anatafuta kama mkono umetokea mnene.

Ila sitaki uone natetea kamera ya zamani kwa sababu tu mimi ni wa zamani. Hiyo 6D Mark II ina vilema na wewe umevitaja viwili tu, ngoja nikuongezee.

Ile picha uliyonitumia ya sendofu, bibi harusi anaingia ukumbini, taa za DJ za zambarau, kila mtu ameinua simu. Kwenye WhatsApp inapendeza kweli. Nikakuomba orijino, nikaivuta mpaka usoni, nikaona hereni imekaa sawasawa, kila kijiwe unakihesabu, sikio limeshika, lakini kope zimeyeyuka na jicho limekuwa kama lina machozi. Sio mkono wako huo. Kamera yako ina pointi 45 za fokasi lakini zote zimejibana katikati, mtu akiwa pembeni ya fremu unalock katikati halafu unaisogeza kamera, na ukiwa na lensi ya 85 umeifungua mpaka 1.8, kile kidogo ulichosogea na kile alichotembea yeye vinatosha kuhamisha fokasi kutoka kwenye jicho mpaka sikioni. Hizi mirolesi, kamera za siku hizi zisizo na kioo ndani kama hiyo mpya, zinafuata jicho lenyewe popote lilipo kwenye fremu, mtu akitembea zinatembea nalo. Hapo hata mimi na ubishi wangu nasalimu amri.

La pili kadi. Sehemu moja tu ya kadi na wewe unapiga harusi za watu! Kadi ikigoma usiku huo utamwambia nini baba wa bibi harusi, arudie kumtoa binti yake? Hili kwangu ndo kubwa kuliko mengine yote, kuliko fokasi, kuliko zile chenga za picha za gizani, maana picha mbaya mteja atanuna lakini picha ambayo haipo ni kesi.

La tatu vivuli. Suti nyeusi jua la saa saba, ukiinua vivuli kwenye kuediti inaota michanga na mistari, 6D Mark II inajulikana kwa hilo tangu ilipotoka 2017. Mpya zinafanya vizuri zaidi.

Kwa hiyo sababu za kuhama unazo. Sasa nionyeshe kati ya hizo ni ipi inataka Mark III. Fokasi ya jicho R6 ya kwanza kabisa ya 2020 inayo. Sehemu mbili za kadi inazo, tena zote SD, kadi zako hizohizo. R6 Mark II ya 2022 inazo pia, ina megapikseli 24 ambazo kwa albamu zako zinatosha, na betri zako za LP-E6N zinaingia. Lensi zako za EF, hizi za Canon za zamani, zote zinafanya kazi kwa adapta, kile kiunganishi cha kati ya lensi na kamera, 85 yako, 24-70 yako, hakuna cha kuuza. Na kila Canon wakitangaza mpya, hao wanaobadilisha kamera kama vocha wanaziweka za jana sokoni. Waache wanunue Mark III, wewe subiri wanachokiacha.

Mark III yenyewe uzito wake uko kwenye video. Inarekodi sensa nzima kwa 7K, ukitoka hapo unakata ya kulala kwa ajili ya tivii na ya kusimama kwa ajili ya status, kwa klipu ileile moja. Hilo ni jambo kubwa sana siku hizi. Lakini video huwa anapiga mwenzako na hela ya video anachukua mwenzako! Siku ukianza kulipwa video, nipigie tuongee upya na wala sitabisha.

Kitu kingine ambacho wauzaji hawakwambii, mirolesi inakula betri. Yako Canon wanaiandikia picha 1,200 kwa chaji moja, R6 ukiwa unachungulia kwenye jicho lake haifiki hata nusu, kwa hiyo betri tatu usipungukiwe. Na ile shata ya kimya kanisani ni tamu, padri hakugeukii tena, lakini ukumbini kwenye taa za LED izime, itakuchorea mistari usoni mwa watu.

Hizo kadi mbili nzuri nakununulia mimi, bodi jitegemee. Ukienda kuiona iliyotumika usiende usiku, na usiende peke yako. Nenda na lensi yako na adapta na kadi zako mbili, weka zote mbili, irekodi kotekote, halafu zitoe uzifungue kwenye laptopu palepale mbele yake. Piga ukuta mweupe, lensi umeibana mpaka f/16, uone madoa ya sensa. Chungulia pale kadi zinapoingia kama kuna pini imepinda. Iache iwake dakika kumi huku mnaongea bei, kama ina ugonjwa wa kujizima itajizima. Akikwambia adapta ameisahau nyumbani, mwambie tutaonana siku nyingine.

Baba yako anakusalimu, anauliza ile 6D ukishaacha kuitumia utampa nani, maana naona ameanza kuulizia mikanda ya kamera.

Mama yako