Sindano ya wagonjwa wangu imefikaje kwa wakimbiaji? Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo, Kenya

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa figo hapa Eldoret. EPO naijua vizuri. Naidunga kila wiki. Figo zikifeli, mwili hukosa kichocheo cha kutengeneza chembe nyekundu za damu, ndipo tunawasaidia kwa sindano hiyo ya EPO. Mkimbiaji huitaka kwa kuwa chembe hizo hubeba oksijeni, zikiongezeka hachoki upesi. Lakini hatumdungi mtu kabla ya kupima damu na presha. Himoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ikipita 12 tunapunguza dozi, maana damu ikiwa nzito kupita kiasi huweza kuganda, na aliyeingia akitembea akapatwa na kiharusi.

Jioni moja kijana wa jirani, mkimbiaji, alinijia jikoni. "Sista, nidunge hii tu." Akatoa mfukoni sindano iliyofungwa kwa kipande cha gazeti. Dawa ya kukaa friji, nayo ilikuwa na joto la paja lake! Aliuziwa dukani bila karatasi ya daktari wala swali. Ilikuwa sindano yake ya tatu. Nikampima presha: 150 kwa 95, na ana miaka 22. Mtoto wa milimani huyu, tayari damu yake ina chembe nyingi kuliko ya mtu wa Mombasa. Umwongezee nyingine, jasho limkaushe kwa kilomita 35, kisha alale moyo ukipiga polepole. Mimi nisingelala.

Najua utaniambia sheria dhidi ya pufya, yaani dawa haramu michezoni, ipo tangu 2016. Ipo. Mwaka huo huo Jemima Sumgong alishinda dhahabu ya marathoni kwenye Olimpiki ya Rio. Mwaka uliofuata akanaswa na EPO, na marufuku yake ikaishia kuwa miaka 8. Mwaka 2025 Ruth Chepngetich, naye wa marathoni, akafungiwa miaka 3 kwa dawa ya kukojoza, ileile tunayowapa wenye presha. Wanariadha tunawajua kwa majina. Wauza sindano je? Hao hatujui hata sura.

Kaa na mwenzako wa Afya. Bodi ya Famasia na Sumu ikague friji na vitabu vya mauzo vya maduka ya dawa, Eldoret na Iten, bila kupiga simu kwanza. Na kambi za mazoezi zipate muuguzi wa kupima damu na presha, majibu apewe mkimbiaji mwenyewe. Akihisi ni mtego, hatakuja.

Sindano ile niliitupa, naye akaondoka amenuna. Bado anakimbia. Mkojo wake umechukuliwa mashindanoni mara mbili. Presha imepimwa mara moja, jikoni kwangu.

Muuguzi, Eldoret