Barua ya wazi kwa waheshimiwa wetu: someni kabla ya kukaa mbele ya maiki

Waheshimiwa wanangu, assalaamu alaikum, na ndugu zetu wa dini nyengine hamjambo. Nawaandikia nyote, wabunge, maseneta, magavana, mawaziri wa kaunti na wa Nairobi, na MCA wetu, wawakilishi wa wadi, ambao siku hizi mnaitwa redioni karibu kila wiki. Baadhi yenu nawajua tangu mko chuoni mnasoma juzuu, wengine mmekula kwangu, kwa hivyo sitazunguka. Juzi mmoja wenu amenitia uchungu mkubwa na mpaka leo haujanitoka.

Alialikwa kwenye kipindi cha asubuhi. Jina simtaji, cheo simtaji, kituo pia sikitaji, manake hii shida si ya mtu mmoja na mkijiangalia wenyewe mtajua. Hapa Lamu ilitangazwa mapema kuwa mheshimiwa atakuja kujibu maswali ya wananchi, watu wakangoja. Wavuvi wamekaa jeti na simu zao wanasikiliza, kina mama wa mahamri wamefungua redio, kila duka usita mzima, ile njia kuu ya mji, ni sauti ile ile. Mtangazaji, binti mdogo tu mwenye adabu zake, akaanza na swali ambalo kila mtu alijua litaulizwa: fidia ya wavuvi kwa ajili ya bandari mpya ya Lamu imefika wapi? Mheshimiwa akasema wavuvi "elfu kumi na kitu" watalipwa "mamilioni kadhaa". Binti akamuuliza pole pole, mheshimiwa, kwani mahakama ilisema nini hasa? Akajibu hayo ni mambo ya mawakili. Akaulizwa kesi iliamuliwa mwaka gani, akasema hakuja pale kufanya mtihani. Halafu ndio akaanza kumkaripia mtoto wa watu, nani amekutuma, unalipwa na nani, na dakika zote zilizobaki zikaishia kwa mahasimu wake wa kisiasa.

Wanangu, lile swali halikuwa mtego. Kama uko kwenye siasa za Pwani na hujui habari ya ile bandari basi unajua nini? LAPSSET, ule mradi mkubwa wa bandari na barabara za kwenda Ethiopia na Sudan Kusini, ilizinduliwa hapa hapa Machi 2012, akaja Rais Kibaki, akaja Salva Kiir wa Sudan Kusini, akaja na Meles Zenawi wa Ethiopia. Mwaka huo huo watu wa Lamu wakaenda kortini. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ikasema haki zao zimevunjwa, ya mazingira, ya utamaduni wao, ya kupewa habari, ya kuvua kama walivyovua wazee wao, ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi kama 4,600. Mei 2021 gati la kwanza likafunguliwa. Ukigawanya pesa ile kwa watu wale utapata kama shilingi 380,000 kwa kila mvuvi. Basi. Hayo yote hayajazi hata nusu ukurasa, ukiyasoma mara mbili kwenye boti kutoka Mokowe utafika Lamu unayajua.

Na yule mvuvi aliyekuwa akisikiliza anaijua hesabu hiyo kichwani, manake ni pesa yake na ni bahari yake iliyochimbwa. Sasa anamsikia mkubwa wake akisema "mamilioni kadhaa". Unafikiri alijisikiaje? Mimi nilimuona mmoja akizima simu akainuka akaenda zake bila kusema neno, na huyo ni mtu aliyepiga foleni tangu alfajiri kukupigia kura wewe.

Nawaambia haya nikiwa na kazi yangu nyuma yangu. Nilikuwa karani wa serikali, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa ni kumwandalia mkubwa majibu kabla hajaenda kusimama mbele za watu. Hatukuwa na kompyuta wala hizo simu zenu. Tulikuwa na faili. Juu ya faili unaweka karatasi moja, moja tu, imeandikwa namba zote kubwa, pesa ngapi, watu wangapi, lini ilianza, imekwama wapi, nani anahusika, na mwisho unaandika yale maswali matano mabaya ambayo mkubwa hataki kuyasikia. Hayo mabaya ndio unaanza nayo. Jioni yake mnakaa, karani anamuuliza mkubwa kama vile ni mwananchi mwenye hasira, mkubwa anajibu, akikosea anarudia, akijibu marefu anaambiwa fupisha. Wengine walikuwa wakali lakini walikubali kuulizwa na karani, manake walijua afadhali kuaibika ofisini mbele ya mtu mmoja. Nahodha hatoi chombo bila kujua maji yanajaa saa ngapi na yanatoka saa ngapi, na hakuna anayemwona mwoga kwa kuuliza.

Leo mna maafisa wa mawasiliano wanaolipwa mshahara mzuri kila mwezi, na wengi wao kazi wanayoijua ni kupiga picha mheshimiwa akishuka garini na kuiposti Facebook. Mmewaajiri kwa sababu ni mtoto wa shangazi au alikuchezea ngoma wakati wa kampeni. Hawezi kukwambia "mheshimiwa hapa hujui, usiende kesho". Mtafute anayeweza kukwambia hivo na umsikilize, hata kama ni binti wa miaka ishirini na tano.

Msione ni sisi tu wa Pwani, hata walioendelea wanaanguka. Mei 2017 kule Uingereza Diane Abbott, aliyekuwa msemaji wa chama cha Labour kwa mambo ya usalama wa ndani, aliulizwa kwenye redio ya LBC mpango wao wa kuajiri polisi 10,000 utagharimu kiasi gani. Akasema kama pauni 300,000. Mtangazaji akashangaa pale pale, kwani mtawalipa nini? Ukigawanya ni pauni 30 tu kwa kila polisi. Akageuka akasema milioni 80, na namba zikaendelea kumchanganya nchi nzima ikisikia. Mama yule si mjinga, ni mbunge wa miaka mingi na mwanamke wa kwanza mweusi kuingia bunge lile, na baadaye alieleza kuwa maradhi ya sukari yalikuwa yamemsumbua siku zile. Kwa hivyo namuonea huruma. Na nyinyi pia nawaambia, ukiwa mgonjwa, umefiwa, hujalala, piga simu uombe siku nyengine, hakuna aibu. Lakini mwaka mmoja kabla, Septemba 2016, Gary Johnson, aliyewahi kuwa gavana kule Marekani na alikuwa anagombea urais, aliulizwa atafanya nini kuhusu Aleppo, mji wa Syria uliokuwa ukipigwa mabomu na kutajwa kila siku kwenye habari, akauliza Aleppo ni nini. Huyo hakuwa mgonjwa. Hakusoma tu.

Sasa nije kwenye lile lililoniuma kuliko yote, kumkaripia mwandishi. Wanangu acheni hii tabia, acheni kabisa. Yule binti anapokuuliza sio yeye anayeuliza, anauliza kwa niaba ya mvuvi wa Kizingitini na mkulima wa Hindi ambao hawana namba yako ya simu na hata wakiwa nayo hupokei. Katiba ya 2010 kifungu cha 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali. Haikusema apate habari mheshimiwa akiwa na mudi nzuri. Ukimwambia "umetumwa" unamtukana yeye na unawatukana wote waliokaa kusubiri jibu. Halafu angalieni ni nani mnaowakaripia, ni vijana, hasa wasichana, lakini akija mwandishi wa televisheni kubwa ya Nairobi au mzungu na kamera yake mnakuwa wapole kama mmeposwa. Mimi nina mabinti. Nikimsikia mtu mzima anamfokea mtoto wa mwenzake hewani kwa sababu tu ameuliza swali lenye akili, najiuliza huyu nyumbani kwake akoje. Swali likikukera vuta pumzi, kunywa maji, jibu. Kama kuna jambo liko kortini na sheria inakuzuia, sema hivo na ueleze kilichoruhusiwa. Kama hujui sema sijui, nitaleta jibu Alhamisi, na Alhamisi ulilete, hata kwa kutuma sauti. Watu wa Lamu wanaweza kukusamehe kutojua. Kufokewa hawasahau.

Siku ile ile mama mmoja alipiga simu studio kuuliza habari ya SHA, bima ya afya ya serikali, yeye anauza samaki, hana mshahara, atalipa ngapi? Mheshimiwa akasema serikali ina mipango mizuri. Ya Rabi! Hii bima imechukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, wenye mishahara wanakatwa asilimia 2.75, wasio na mshahara wanapimwa hali zao na malipo hayashuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na matibabu ya msingi ya dispensari yana mfuko wake mbali. Ingemchukua sekunde ishirini kumjibu yule mama akaenda zake na faida.

Jengine, jueni kazi ya nani ni ya nani, manake mnawazungusha watu. Jedwali la Nne la Katiba limeandika wazi. Hospitali ya kaunti, dispensari, chekechea, barabara ndogo, hiyo ni kaunti. Polisi, shule za msingi na sekondari, barabara kuu kama ile ya Lamu kwenda Witu na Garsen, hiyo ni serikali kuu. Namsikia mbunge anaahidi dawa za dispensari na MCA anaahidi walimu wa sekondari, na kila mmoja akibanwa anamsukumia mwenzake.

Mengine nayataja tu. Fikeni mapema. Ulizeni kama kipindi ni moja kwa moja au kinarekodiwa, na ni dakika ngapi. Muwe na mambo matatu ya kusema, msiende na kumi. Zimeni simu. Wapambe wabaki nje. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu inayowahusu isomeni nyinyi kabla mwandishi hajaisoma. Na semeni Kiswahili jamani, Kiswahili cha watu, mmezaliwa ndani yake halafu mnajificha nyuma ya maneno ya semina za Mombasa ambayo hata nyinyi hamyaelewi.

Lakini sitakuwa muadilifu nikiwalaumu nyinyi peke yenu. Sisi ndio tuliowafundisha kuwa haina haja. Mwaka 2017 mgombea urais mmoja hakuja kwenye mdahalo, Raila akasimama peke yake, na 2022 ikawa zamu yake Raila kutokuja, Ruto akaongea peke yake, na sisi tukaona ni mambo ya kawaida tu. Hapa kwetu mheshimiwa akimtukana mwandishi klipu inazunguka WhatsApp watu wanacheka, "amemuweza!", amemuweza nani na wewe bado huna maji? Wengine tunampima kiongozi kwa alichotupa mkononi Ijumaa baada ya sala, basi kwa nini ajisumbue kusoma? Na nyinyi waandishi msijifiche, wako wanaopokea bahasha kabla ya kipindi halafu wanauliza "mheshimiwa umejipangaje kuwahudumia wananchi", hilo si swali, hiyo ni kasida. Vituo vinawalipa vijana wetu pesa kidogo, wengine hawalipwi kabisa, halafu tunashangaa bahasha inapita. Hilo nalo ni deni letu sote.

Nawapenda wanangu, ndio maana nimeandika. Mkiongea vizuri huko Nairobi sisi wazee huku tunatembea kifua mbele, tunaambiana yule ni kijana wetu. Nataka kuwasikia hivo tena, tena nataka kuwasikia mara nyingi.

Kwa hivyo naomba jambo moja. Atakayealikwa kipindi chochote mwezi huu aje kwanza Mkunguni, mbele ya Ngome, baada ya alasiri, wazee tuko pale. Tutakuuliza sisi kabla ya redio, na hatutakuaibisha. Maswali ya kuanzia ni haya, mje na karatasi zenu: kati ya wale wavuvi 4,600 ni wangapi wamelipwa mpaka leo na kwa njia gani, hospitali yetu ya kaunti ilitengewa pesa ngapi za dawa mwaka huu wa fedha na zimetoka ngapi, na vijana wangapi wa Lamu wameajiriwa pale bandarini, kwa kazi gani.